Picha ya Mueni Ilipokataa Kuhifadhika

Kuna siku moja huko Masii ambayo hata leo sijaisahau, mwanangu. Nakusimulia nikiwa na hasira, na sitaificha. Jana nimekukuta umefungua rundo la picha za wateja kwa mpigo mmoja kwenye kompyuta, muziki unacheza, mpira unaonyeshwa pembeni, halafu unaniambia, "Mum, hii mashine iko sawa." Kaa chini unisikize.

Ulikuwa bado unanyonya. Nilikuwa nimeandikwa kazi kwenye studio ya Musyoka pale sokoni, kuchapa na kulaminisha, yaani kufunika picha kwa plastiki, wewe mgongoni. Musyoka ndiye alikuwa fundi wa picha, mtu wa mdomo mwingi. Kila nikimwambia afunge picha alizomaliza kwenye kompyuta, ananicheka: "Mama Mwende, wewe unaogopa kompyuta kama ng'ombe anaogopa daraja."

Siku hiyo akaingia mama mzee kutoka Mwala, vumbi mpaka magotini. Tulimwita mwaitu, vile tunavyowaita mama zetu wote. Kesho yake alikuwa anamzika binti yake, Mueni, na picha ya huyo binti ilikuwa imebaki moja tu, ndani ya simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Alitaka ikuzwe, iwekwe fremu, ibebwe mbele ya jeneza.

Musyoka akachomeka simu kwa waya, akaifungua picha moja kwa moja kutoka kwenye hiyo simu. Hakuinakili kwenye kompyuta kwanza. Akaanza kuondoa giza usoni, akakata watu wa nyuma, kila badiliko likiwa tabaka jipya juu ya picha. Katikati ya kazi, simu ikazima. Tukabonyeza, tukaichaji, tukabadilisha betri. Haikuwaka tena.

"Hakuna shida," Musyoka akasema, "niko nayo hapa." Akabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikakataa: memori haitoshi.

Elewa hapo, mwanangu. Diski ni kabati, memori ni meza; meza ikijaa, hakuna hata nafasi ya kupanga kitu kiingie kabatini. Kilicho mezani bila kuwekwa kabatini, stima ikipotea, nacho kimepotea. Na stima ya soko ilikuwa inapepesa tangu asubuhi. Uso wa Mueni haukuwa mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye ile meza. 

Nikamwambia afunge muziki. Akafunga. Ikakataa. Nikamwambia afute historia ya hatua, ile inayomruhusu kurudi nyuma kila akikosea, kwa sababu nayo inakula memori. Akafuta. Ikakataa tena, na kishale kikaanza kukwama. Zilikuwa zimebaki picha za harusi, zimejaa kioo kizima, na hakuna hata moja aliyokuwa amehifadhi; sasa nazo zilikuwa zinakataa kuhifadhika.

"Zifunge!"

"Nimeshinda nazo tangu asubuhi! Nikifunga, kazi yote imeenda."

"Musyoka, funga!"

"Wewe ni wa kulaminisha. Laminisha."

Kidogo nimpige na kipanya. Taa ikafifia, ikarudi. Mwaitu akainuka kwenye benchi, akasogea mpaka karibu na kioo.

"Hawa wanaokaa na mtoto wangu ni kina nani?"

"Ni maharusi, mwaitu." Sauti ya Musyoka ilikuwa imeshuka.

"Wako hai?"

"Wako hai."

"Basi si utawatengeneza tena?"

Musyoka akashika kipanya. Akafunga ya kwanza. Programu ikamuuliza kama anataka kuihifadhi, akabonyeza hapana. Akafunga nyingine, hapana. Nyingine, hapana. Mimi nilikuwa nimeshikilia plagi ukutani, kana kwamba mkono wangu ungezuia stima isikatike. Bi harusi wa mwisho alipoondoka, Musyoka akabonyeza kuhifadhi. Ule mstari wa kijani ukatambaa, ukasimama, nikadhani tumekwisha, ukatambaa tena. Ukafika mwisho.

Mwaitu akarudi kwenye benchi, na hapo ndipo alipolia. Mpaka wakati huo hakuwa ametoa chozi.

Sasa sikia, na usinikatize. Picha ya mtu ikiingia mkononi mwako, nakili kwanza, mahali pawili, ndipo uifungue. Fanyia kazi nakala, asili usiiguse. Ukimaliza moja, ihifadhi, ifunge, ndipo uchukue nyingine. Tabaka ukishalikubali, liunganishe na la chini. Acha nafasi kwenye diski, maana memori ikijaa programu inakimbilia huko, na ikikuta umejaza filamu inakwama. Na kompyuta ikikuonya, usibishane nayo. Tafuta cha kuachilia, hata kama kimekutoa jasho. Kazi yako unaweza kuirudia. Wewe uliza tu kitu kimoja: hapa mbele yangu, ni kipi hakiwezi kupatikana tena?

Mungu aitulize mikono yako, mwanangu, akupe moyo wa kuachilia mapema. Na kila uso ambao watu watakuletea, urudi kwa wenyewe ukiwa mzima.