Chungu Kisichosuguliwa

Nilikuwa stendi ya Biharamulo nilipoambiwa kwamba yule mchimba vigae wa Mbuba ametutoka. Nilisikitika sana, kisha, Mungu anisamehe, nikacheka peke yangu hadi muuza karanga akanitazama. Wasomaji wangu mtanivumilia. Mtu yule hakumbukwi kwa uso uliokunjamana.

Alikuwa mwanaakiolojia. Kazi yake ilikuwa pwani, kwenye mashamba ya zamani ya minazi, akifukua vyungu vilivyovunjika vya watumwa waliolima pale. Swali moja lilimnyima raha: je, watu wale walitupiwa tu chakula kama mifugo, au jioni walipika chao, wakaketi pamoja, wakacheka? Alisema jibu limo kwenye masizi ya nje na mikwaruzo ya mwiko ndani. Ili ajifunze kuzisoma alama hizo, alinunua chungu kipya gulioni Mugoma, akawa anapikia maharage nyumbani siku nenda rudi, na ikawa marufuku kukisugua. Nilikuwapo siku shangazi yake alipokuja kutoka Bukiriro kumsalimia yeye na mkewe. Alikiona kile chungu cheusi, akaona aibu ya ukoo mzima, akakipeleka uani na kukisugua kwa majivu na mchanga mpaka kikang'aa. Kazi ya miezi ikaenda na maji. Jamaa aliporudi akakiinua, akakichungulia ndani, nikadhani atalia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mke wako mzuri, ila vyombo vinamshinda."

Jamaa aliangua kicheko mpaka akakaa chini, halafu akachochea kuni, akainjika maharage upya. Nami nilinenepa kwa ajili ya sayansi.

Jibu alilipata. Vigae vya pwani vilikuwa na masizi mazito na mikwaruzo ileile, na vilitoka kwenye vyungu vipana vya kulisha watu wengi. Alinipigia simu. "Walipika wenyewe, ndugu yangu. Walialikana." Alifurahi kana kwamba na yeye amealikwa. Mimi nilikuwa nimezoea kuwafikiria watu wale kwa minyororo yao tu, na tangu siku ile nawaona pia wakigombea ukoko.

Msibani tulipikiwa ndizi na maharage, na chungu chake kilikuwamo jikoni. Tulipomaliza kula, binti mmoja alikishika na kuchota mchanga. Shangazi, ambaye sasa ni mkongwe, akanyoosha fimbo yake kutoka mkekani.

"Hicho msikisugue. Wakija kutuchimba, wajue hapa tulikula pamoja."

Tangu hapo nikialikwa kula siulizi kuna nini chunguni. Naenda.