Mvua ya Vijiti

Mwaka ule serikali ya kijeshi ilipoyapiga marufuku makanisa madogo, sisi wa kijiji cha Abuku tulihamia kwenye kichuguu.

Kichuguu chenyewe kilikuwa nyuma ya shamba la mihogo la shangazi yangu, ambaye nilikaa naye baada ya kumaliza darasa la saba. Kwetu, msimu wa mvua ukianza, watu huwatoa kumbikumbi kwa kuwadanganya. Unafunika kichuguu kwa matawi na blanketi kuukuu, unachimba shimo na kutia chungu, kisha unalaza gogo juu ya udongo na kuligonga kwa vijiti viwili, haraka haraka, bila kupumzika. Kumbikumbi walio chini wanadhani mvua inanyesha. Wanatoka, wanaangukia chunguni.

Hakuna askari aliyewahi kutuuliza kwa nini tumekaa pale tukigonga na kuimba, maana kila anayegonga huimba. Ila sisi, chini ya kelele za vijiti, tuliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani. Mimi nilikuwa mgongaji, kwa sababu mgongaji haombwi kusali mbele ya watu. Nilikuwa na haya nyingi tangu utotoni, na mume wa shangazi alipochukuliwa, haya ile ikageuka hofu. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye malori kule Oraba, mpakani. Siku moja askari walimkuta na Biblia ndani ya mfuko wake wa chakula, wakampandisha kwenye gari lao. Hatukupata habari zake tena. Kila jioni shangazi alimwekea chakula, akakifunika, na asubuhi tulikila wenyewe kikiwa baridi.

Mwalimu wetu wa kanisa, ndiye aliyekuwa mchungaji wetu, alikuwa amejificha upande wa Aroi, nyumbani kwa shemeji yake. Tuliojua ni shangazi na mimi tu. Nilimpelekea unga nikijifanya naenda sokoni Arua. Kila lori liliposimamishwa njiani, nilihisi neno Aroi limeandikwa usoni pangu.

Basi akaja mgeni, akasema yeye ni mhubiri kutoka Kongo. Alijua nyimbo zetu zote. Alipoomba machozi yalimtoka, na niliyaona yakidondokea kola ya shati lake. Jirani yetu mmoja, bibi mzee ambaye hakuacha utani hata hofu ilipozidi, alininong'oneza, "Huyu analia mpaka shati linajifua lenyewe. Sabuni tu ndiyo inakosekana."

Mahubiri yake yalikuwa yale yale kila siku: anayejificha hana imani. Kundi litoke nje pamoja na mchungaji wake, na hakuna askari atakayeligusa. Watu walimsikiliza kwa sababu walikuwa wamechoka. Nami nilisikiliza. Nilikuwa naona aibu kwa kuogopa kwangu, na yeye alisema kuogopa ni dhambi.

Mchana mmoja alimfuata shangazi jikoni, wakasemeshana kwa Kiswahili cha sokoni. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta mtama.

"Mama, Mungu naonyesha mimi bwana yako. Iko hai."

Mwiko ulimponyoka shangazi. "Iko wapi?"

"Iko mahali ya giza, lakini iko hai. Siku kundi nakusanyika na mchungaji, ile mlango nafunguka. Sasa ambia mimi, mwalimu iko wapi? Mimi iko na neno yake."

Kabla ya kuondoka, mwalimu alikuwa ametuonya: atakuja mtu na nyimbo zetu mdomoni, msitazame anavyolia, tazameni anataka nini. Niliyakumbuka maneno hayo, nikaendelea kupepeta mtama. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu huyu ametumwa na askari, na kwamba ametumwa na Mungu kweli nasi tutamkataa.

"Ngoja kwanza," shangazi alimwambia. "Tunaenda kutoa kumbikumbi. Tukirudi, mimi naambia wewe."

Nilijua atamwambia. Nilimwona usoni.

Niligonga mpaka viganja vikawaka. Jua lilikuwa kali. Kumbikumbi walianza kutoka wachache, halafu wakafurika kama uji unaochemka. Mgeni, aliyekaa karibu na chungu, alichota, akang'oa mbawa, akatia kinywani na kucheka kwa moyo wote.

"Angalia hii wajinga! Wingu hakuna hata moja! Nasikia mvua tu, natoka!"

Watu walicheka. Bibi mzee akamwambia, "Tafuna vizuri, mhubiri, wasije wakaruka tumboni."

Shangazi hakucheka. Aliinua uso akatazama juu, kweupe kabisa, kisha akatazama mikono yangu iliyokuwa bado inagonga. Nikaacha kugonga bila kuambiwa.

"Mama," mgeni akasema huku akijifuta midomo, "sasa ambia mimi."

"Mimi hapana jua mwalimu iko wapi."

"Jikoni wewe nasema unajua."

"Jikoni mimi naliwaza bwana yangu. Mwalimu, hapana jua."

Mgeni hakuacha kutabasamu. "Basi bwana yako itakufa kwa mdomo yako."

Shangazi aliinua chungu. Akatembea haraka hata kumbikumbi wakamwagika njia nzima.

Mgeni aliondoka kesho yake. Tangu hapo, kila mlio wa gari ulitukimbiza kwenye mihogo. Shangazi aliacha kulala. "Kama alisema kweli," aliniambia, "basi mimi ndiye nimemuua."

Halafu habari zikaja kutoka soko la Koboko. Mgeni alikuwa amekwenda kijiji kingine, na wao wakamleta mchungaji wao mbele yake. Siku ile ile gari la askari lilifika likamchukua mchungaji, na yule mhubiri mgeni akaondoka nalo, amekaa mbele na dereva.

"Mungu ametuokoa!" alisema bibi mzee, akashika kifua.

Nilidhani shangazi naye atashukuru, maana hakukosea. Akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata nikakimbia kufunga mlango. Sikuelewa mara moja. Kama mtu yule alikuwa mwongo, basi hakuona lolote. Hakumwona mume wa shangazi akiwa hai.

Jioni ile alipakua sahani mbili tu, yake na yangu. Tulikula chakula kikiwa cha moto.

"Kesho," alisema bila kunitazama, "peleka unga Aroi."