Panga Gumu na Nyundo ya Babu

Niliporudi Thika kutoka Uingereza, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa na diploma ya sayansi ya metali, suti ya sufu na tai nyekundu. Kutoka Ruiru hadi Thika hapakuwa na mwingine aliyewahi kupima vyuma vilivyotolewa ndani ya tanuri la atomi, yaani kinu cha nyuklia. Kule Uingereza nilianza kwa kufagia maabara ya vyuma hivyo mchana na kusoma jioni. Hakuna aliyenishika mkono.

Baba alikuwa mhunzi. Kwetu nyundo ya mhunzi haifuati umri. Hukabidhiwa mwana anayekijua chuma, mbele ya majirani. Nilikuwa naitaka nyundo ya babu, lakini Baba alikuwa akimfikiria mdogo wangu, aliyebaki akivuta mivukuto ya kupulizia moto.

Siku ya tatu Baba aliwaita majirani, akaweka mapanga mawili juu ya fuawe, chuma anachofulia.

“Mkata mkonge anakuja kuchukua panga lake,” akasema. “Nimpe lipi?”

Mdogo wangu alipitisha tupa kwenye makali yake. Kwenye la kwanza iliteleza tu. Kwenye la pili iling'ata kidogo. Majirani wote wakachagua la kwanza.

“Bwana Diploma, hata kuku wanaona,” akasema mmoja, wakacheka.

Nikachagua la pili. Nikawaeleza kwamba ndani ya tanuri la atomi, vipande vidogo kuliko vumbi huzipiga atomi za chuma na kuzing'oa mahali pake, kama watu wanaosukumwa kutoka kwenye viti vyao kanisani: huku viti vitupu, kule msongamano. Chuma huwa kigumu, lakini hakipindi tena, hupasuka. Nimevipinda vyuma hivyo kwa mikono ya mashine, nyuma ya kioo kinene, nikaviona vikikatika.

“Hili la kwanza halikuona tanuri lolote la atomi,” mdogo wangu akasema.

“Limezimwa majini likiwa jekundu, halikurudishwa motoni. Njia ni nyingine, ugonjwa unafanana.”

Nikaligonga ukingoni mwa fuawe. Likavunjika vipande viwili.

“Na dawa yake?” Baba akauliza.

“Joto la polepole. Hata vile vyetu vya atomi, tulivipasha moto, atomi nyingi zikarudi vitini.”

“Miaka mitano Uingereza,” akasema Baba, “kujifunza alichokijua babu yako.” Lakini alikuwa amekwisha kuishika nyundo, akaninyooshea mpini. “Vua hiyo tai, isiungue.”

Nililirudisha panga la pili, sasa la mkata mkonge, kwenye moto wa polepole, nikalinyoosha na kulimaliza mbele yao wote. Tai sikuivua.