Mwisho Niliosimuliwa Bombani

Mume wangu Assumani aliteleza na pikipiki kwenye tope la barabara ya Kabambare, akavunjika mguu, na tangu siku hiyo mgonjwa nimekuwa mimi. Yeye analala kitandani barazani, mguu umefungwa, mdomo haukufungwa. Maji yamepoa. Sombe ya majani ya muhogo haina chumvi. Cherehani yangu inampigia kelele. Mtu aliyezoea kupakia abiria na magunia ya mchele kutoka Kasongo hadi Wamaza, leo kazi yake ni kutafuta makosa yangu. Nikamwomba Mungu amletee kitu cha kumshughulisha. Ombi likajibiwa, tena vibaya.

Kitu chenyewe kililetwa na Jean-Paul, rafiki yake anayeuza simu Kabambare. Alikuwa anapita kwenda Kindu kuchukua bidhaa, akaingia kumpa pole, na wakati wa kuaga akatoa mfukoni konsoli ya kuchezea, ile ndogo ya kushika mkononi. Akasema ataipitia akirudi. Assumani akaiwasha. Ngoma zikalia, na mume wangu, mwenye mvi kidevuni, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Mama Sifa! Kuya uone! Iko yeye! Iko Kijana wa Panga!"

Nikaangusha mkasi.

Ni lazima niseme Kijana wa Panga ni nani, maana yeye ndiye aliyeniingiza nyumba hii. Tulipokuwa vijana, karibu na soko la Kasongo palikuwa na chumba cha video cha Mzee Iliasi: televisheni moja, jenereta moja, na mashine ya michezo iliyofika bila kile kidude cha kutunza ulipofikia. Kwa hiyo kila siku mchezo ulianza mwanzo. Na kila siku mafuta ya jenereta yaliisha Kijana wa Panga akiwa palepale, kwenye daraja la kamba. Vijana wa mji mzima walijua nusu ya kwanza kama Alhamdu. Nusu ya pili hakuna aliyeiona. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyeyaelewa, basi hadithi waliitunga wenyewe kwa kutazama tu.

Mwanzoni kabisa, Kijana wa Panga anapiga magoti mbele ya mtu mwenye kofia ya pembe. Yule mtu anamtemea mate kichwani. Chumba kizima kilielewa mara moja: huyo ni mjomba wake, anambariki mpwa kabla ya safari. Kwetu nani asiyejua? Mjomba akikutemea mate kwa moyo safi, njia yako imenyooka. Walikuwa wakipiga makofi kila yale mate yalipotoka.

Sisi wasichana hatukuingia. Msichana akionekana anatoka chumba cha Mzee Iliasi, jina lake lilikuwa limeoza kabla hajafika kwao. Hadithi niliipata bombani, nikisubiri ndoo yangu ijae, kutoka kwa Assumani. Alinisimulia vipande vipande, akiruka, akikata hewa kwa mkono, mpaka wenye ndoo nyuma yangu wananisukuma. Na tulipofika kwenye daraja, yeye hakuishia hapo. Alisema aliwahi kuucheza Kindu, kwa ndugu yake, kwenye umeme usiokatika, akafika mwisho.

"Mwisho iko namna gani?" nilimwuliza.

Akaniambia. Kijana wa Panga anawashinda wote, anafika kwenye kiti cha mfalme, watu wanamwambia kaa. Anakikataa. Anageuka, anarudi njia yote ile mpaka mtoni, kwa yule mwanamke aliyemwacha mwanzoni akimngoja na ndoo.

Wakati huo Mwalimu Célestin, kijana mpole aliyesilimu, alikuwa ameshatuma watu nyumbani kuniposa. Baba alimtaka. Mimi nikasema apana, namtaka Assumani, na sababu sikuitaja, maana ningeonekana sina akili. Nilijiambia mwanamume anayesimulia kurudi kwa uso ule, naye atarudi. Miaka yote hii ya pikipiki, mvua ikimwagika naye yuko huko njia ya Wamaza, madaraja yamebomoka na simu haipatikani, nimekuwa nikijishikiza kwenye ule mwisho wa mchezo. Watu wengine wanashika tasbihi.

Basi alipoiwasha ile konsoli, sikuona mchezo wa watoto. Nilitaka kitu kimoja tu: niuone ule mwisho kwa macho yangu.

Nilivyotamani kuuona, na nilivyoteswa! Kwanza, hii ilikuwa na maandishi ya Kifaransa, na Assumani aliacha shule mapema. Mimi ndiye niliyemaliza kwa masista. Kwa hiyo anacheza yeye, nasoma mimi, na herufi zilikuwa ndogo kama chawa wa kuku. Nainama begani kwake, nakodoa macho, nimefika katikati ya sentensi, yeye ameshabonyeza maneno yamepotea.

"Mbona umebonyeza? Sijamaliza!"

"Wewe unasoma polepole sana."

"Basi soma mwenyewe!"

Ananisogezea kioo, anangoja. Dakika mbili hivi.

Pili, ile mashine yenyewe. Mchezo mkubwa uliotengenezewa televisheni umeshindiliwa kwenye kitu cha kiganja, unapumua kwa shida. Kijana wa Panga anakimbia vizuri, ghafla anaganda hewani mguu juu, halafu anatokea tayari ameshaanguka shimoni. Vidole vya Assumani vimezoea klachi ya pikipiki, vifungo vile vinamponyoka. Akifa, lawama ni za kila mtu. Jua limemulika kwenye kioo. Sifa, binti yetu, amepita mbele. Mimi nimevuta pumzi sikioni mwake.

Paneli yetu ya jua ni moja. Mvua ikija hakuna cha kuchaji, na kidogo kilichopatikana nilitaka kiende kwenye simu, wateja wanipate. Simu yangu ilikaa imekufa. Mteja mmoja, Chadia, alikuja mwenyewe kwa miguu kuulizia nguo yake ya harusi, akanikuta nimepiga magoti kando ya kitanda, nikimsomea mume wangu mtu mwenye pembe alichosema. Alitutazama sana. Alisema atarudi, kwa sauti ya mtu atakayekwenda kuhadithia.

Na alichosema mtu mwenye pembe ndicho kilichoanza kuniharibia moyo. Nilikisoma mara mbili. Hakuwa mjomba. Yalikuwa matusi. Alikuwa bwana aliyemfukuza Kijana wa Panga, anamwambia si mtu tena, na kumtemea mate kama unavyotema kwenye vumbi.

"Baba Sifa," nikasema, "hii haiko baraka."

"Haiko baraka namna gani? Anamutemea mate pa kichwa!"

"Anamufukuza. Ndiyo vile wameandika hapa."

Alitazama kioo kama mtu aliyeambiwa mama yake si mama yake. "Mji muzima tulipigaka makofi," akasema. Kisha akapata la kusema, na hilo likawa jibu lake mpaka mwisho: "Hii ya mukononi wameikatakata. Mambo mengine haikuenea mu masini kadogo."

Kwenye nusu ya kwanza, lakini, alikuwa bingwa. Siwezi kumnyima. Alijua jiwe gani la kukanyaga na adui gani anatokea nyuma ya mti, akinitajia kabla hawajatokea, na kwa muda nilimwona yule kijana wa bombani. Tukafika kwenye daraja la kamba. Pale jenereta ya Mzee Iliasi ilipokuwa inazimika, safari hii hakuna kilichozimika. Kijana wa Panga akavuka. Tukapiga kelele wote wawili, nikamshika mkono.

Halafu akafa. Akarudi, akafa. Hakujua njia. Aliingia pango lilelile mara nyingi hata Sifa akacheka. Nikamkumbusha: bombani uliniambia ng'ambo ya daraja kuna kijiji cha wavuvi, na bibi anayempa dawa. Kijiji hakikuwapo. Bibi hakuwapo. Palikuwa na mawe na barafu.

"Wameikata," akasema.

"Na bibi naye wamemukata?"

"Bibi naye."

Nikarudi kwenye cherehani. Nilishona nguo ya Chadia kwa hasira mpaka uzi ukakatika, nikatunga sindano, ukakatika tena. Niliona wazi sasa. Hakufika popote. Kindu labda alifika, lakini mchezo huu hakuumaliza hata siku moja. Nilikuwa nimemkataa mwalimu kwa ajili ya kitu ambacho mtu alikitunga ndoo ikijaa. Sikumwambia. Ningeanza kusema ningesema na mengine, na mtu mwenye mguu uliovunjika huwezi hata kumkimbia vizuri.

Lakini kila aliponiita nisome, nilikwenda. Nilijichukia, nikaenda. Huenda walikata katikati tu, nilijiambia, na mwisho wakauacha.

Jean-Paul akatuma ujumbe kwa Sifa kwamba amefika Kasongo, analala kwa dada yake, alasiri atapita kuchukua kitu chake aendelee Kabambare. Asubuhi hiyo Assumani hakula. Alikuwa amefika kwenye jumba la mfalme, na yule mwenye pembe alikuwa anamngoja mlangoni. Akamwua mume wangu asubuhi yote. Assumani alitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kizimba, lugha ya mama yake, akaitupa konsoli kwenye mto, akaiokota, akaifuta kwa shati. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitaka kulia, na chai ilikuwa imechemka ikamwagika motoni.

"Ngao!" nikapiga kelele. "Inua ngao! Kila mara anapotema mate anafuatisha na mukuki! Huoni?"

Akainua ngao alipotema mate. Mkuki ukapita. Akapiga. Tukarudia hivyo, mimi nikiita, yeye akipiga, mpaka mtu mwenye pembe akapiga magoti yeye.

Hakuna aliyeshangilia. Kijana wa Panga aliingia ndani peke yake, kukawa na kile kiti. Upande mmoja wa kioo ukaonekana mto, mbali, na mwanamke amesimama na ndoo. Alikuwapo mpaka mwisho! Yakatokea maandishi, mistari miwili, na mchezo ukasimama kungoja.

"Wanasema nini?"

Nikafuata mistari kwa kidole. "Wanakuuliza wewe uchague. Wa juu, akae kwenye kiti. Wa chini, arudi kwa mwanamuke."

Hakufikiri hata kidogo. Akabonyeza wa juu.

"Assumani!"

Sikuwa nimemwita kwa jina lake tangu Sifa azaliwe. Aligeuka akanitazama.

"Iko nini?"

"Umechagua kiti!"

"Ndiyo. Mateso yote hii, halafu akatae kiti?"

"Uliniambia anakikataa! Uliniambia pa bomba, kwa kinywa chako! Mie nilikataa Célestin! Nimekungoja na mvua, na giza, miaka yote, juu ya ule mwisho wako wa uongo!"

Niliyasema yote hivyo, mlango wazi, majirani wakisikia. Assumani alishusha konsoli kifuani. Kisha akasema, bila ubishi wowote, kama anavyosema na abiria aliyeshikwa na hofu kwenye mteremko:

"Mama Sifa, mie nilirudiaka kila mara. Hata na mguu umevunjika walinileta hapa. Kiti sijakionaka. Wachia huyu akae kidogo."

Tukageukia kioo, kwa sababu hatukuweza kutazamana. Kijana wa Panga alikuwa amekaa. Watu wakainama. Halafu picha ikahamia mtoni. Yule mwanamke akatazama njia, akaitazama tena, akainua ndoo kichwani, akaondoka. Hakuonekana ana hasira. Alitembea mpaka akawa mdogo, mto ukabaki peke yake, na majina ya waliotengeneza mchezo yakaanza kupanda.

"Ameenda wapi?" Assumani akauliza.

"Ameenda."

"Lakini kisha wanamuonesha tena?"

"Hawamuoneshi. Imeisha."

"Alikuwa anamungoja tangu mwanzo," akasema. "Kumbe angeweza kuenda?"

"Wewe ulifikiri angefanya nini?"

Akabonyeza kila kifungo kilichokuwapo kurudi kwenye ile mistari miwili. Mashine ilikuwa imeshatunza. Ilimpa njia moja tu, ya kuanza upya kutoka mwanzo, kwenye mate. Nilimsomea hivyo, naye akaniomba nisome tena, polepole.

Pikipiki ya Jean-Paul ikasimama nje, akapiga honi. Nikainuka nimpelekee. Assumani alishika kitambaa cha kiuno changu.

"Baki," akasema.

Akashusha mguu mzima, kisha ule uliofungwa, akashika fimbo. Tangu aanguke hakuwahi kuinuka bila bega langu. Alikwenda akirukaruka uani kwenye tope, jasho linamtoka, konsoli ameibana kwapani, na nikamsikia kwenye lango akimwomba Jean-Paul, kwa sauti ambayo hata mimi hajanibembelezea nayo:

"Ndugu yangu, uniachie tena kidogo. Kule mbele nimekosea mahali."