Jiwe la Mama

Watu wa Lamadi hawakukipa kisiwa chetu jina. Walisema "kule kwa wale," na wale tulikuwa sisi: baba, mama, kaka yangu na mimi, pamoja na baba mdogo na watu wake upande wa pili wa kilima. Ukikizunguka kwa miguu asubuhi, unarudi chai haijapoa. Siku hizi ninaishi Bariadi, na watu wakisikia nimekulia kisiwani wananiambia nilikuwa na bahati, hewa safi, samaki wa bure. Ninawaacha waseme. Nikianza kuwaeleza nitagombana nao.

Masika ilitufikia kwa kuonekana. Tuliona mvua ikija juu ya maji, mstari mweupe kutoka upande wa Ukerewe, na kama una mbio unawahi kuanua kabla haijafika. Mihogo ilinawiri, nyumba ikavuja, na kenge wakapanda hadi jikoni kutafuta mayai. Ikija kiangazi, majani yote yalikufa, mbuzi wakateremka kula matete, na mawe yakapata moto kiasi kwamba hukanyagi bila ndala. Vuli ilikuja na vijidudu vya ziwani. Vilipanda kutoka majini kama moshi wa kuni mbichi, vikaingia puani, vikaingia kwenye ugali, nasi tukala navyo kwa sababu kuvitoa kimoja kimoja ni kazi ya mtu asiye na njaa.

Mama aliishi kwa kiangazi. Baba na kaka walivua dagaa kwa taa za karabai usiku wa giza, wakarudi alfajiri, na kuanzia hapo dagaa walikuwa wa mama. Aliwaanika juu ya jiwe lake. Ninasema lake kwa maana kamili. Katika ukoo wa baba, mwanamke akiolewa kisiwani anapewa jiwe na mama mkwe. Bibi yangu alimpa mama lile pana la magharibi, lililolala kama mkeka hadi kwenye maji. Alilifagia, akalimwagia maji, akamkabidhi fagio, ikawa imekwisha. Na mama angekuja kumkabidhi mke wa kaka yangu vivyo hivyo.

Mwanamume hakanyagi jiwe la mkewe. Wala halitaji mbele ya watu, kama asivyofunua chungu cha mkewe jikoni. Mtumbwi wa baba ulifungwa ng'ambo tu ya jiwe lile, hatua chache angekatiza juu yake, lakini baba alizunguka ndani ya maji, suruali imekunjwa, hata asubuhi za Julai ambazo maji yanauma mifupa. Nilipokuwa mtoto niliona yale ni mapenzi. Bado naona hivyo, na ndicho kinachoniudhi.

Dagaa wa jiwe hawana mchanga. Wanawake wa Bariadi na Malampaka walilijua hilo, na siku za gulio Lamadi walimsubiri mama, wakimwita mayu, yaani mama, ingawa wengine walikuwa wakubwa kwake. Alirudi na sabuni, na madaftari yetu, na nyuzi za kushonea nyavu. Baba alikuwa mvuvi, lakini nyumba ile ilisimama juu ya jiwe la mama, na baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ndipo zikaja enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake tulikuwa tunafua kwa majani ya mpapai. Ghafla kukawa na sabuni za rangi tatu, mitumba, redio, na matajiri wa samaki. Viwanda vya Mwanza vilitaka sangara na vilimtaka mbichi kwenye barafu. Yule aliyekuja kwetu hakuwa mtu wa majivuno, bora angekuwa. Alivua viatu uani, akamwamkia mama "mwangaluka, mayu" kwa Kisukuma cha kwao, akala ugali wetu na vijidudu vyake. Alihitaji mahali penye kina ambapo boti la barafu lingeegesha. Angempa baba mashine ya kwenye mtumbwi na nyavu za sangara. Alikuja na mwenyekiti wa kijiji kutoka nchi kavu, ili mambo yawe wazi.

Wakamuuliza baba mbele ya wote ni nini kisiguswe. Baba akataja nyumba. Akataja shamba la mihogo, makaburi ya babu na bibi, na mkuyu walikotagia ndege aina ya mnandi. Mwenyekiti akauliza kama kuna kingine.

"Hakuna kingine," baba akasema.

Nilikuwa nimeshika vikombe. Mama alikuwa akimimina uji, na uji haukumwagika, ila alimimina polepole sana. Mke hadai kitu mbele ya wageni wa mumewe, na zaidi ya hapo, alikuwa akingoja mumewe aseme. Mumewe naye hakusema kwa sababu lilikuwa jiwe la mke, na jiwe la mke halitajwi. Baadaye alimwambia kaka kwamba hakudhani mtu mwenye akili angehitaji kuambiwa. Jiwe lina fagio juu yake, linafagiliwa kila siku, nani asione kwamba lina mwenyewe? Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya baba yangu, na aliingia nayo kwenye soko huria.

Mafundi walikuja kiangazi hichohicho na mifuko ya saruji. Penye kina palikuwa pembeni mwa jiwe la mama, kwa hiyo nyumba ya kuhifadhia barafu ingekaa juu yake. Walimkuta ameanika. Walimsaidia kuzoa dagaa, kwa adabu, mayu huku mayu kule. Baba alikuja mbio kutoka kwenye mtumbwi, akasimama ndani ya maji, akawaambia hapo pana mwenyewe. Fundi mkubwa akamuuliza ni nani. Baba akamtazama mama, akatazama maji. Alisimama pale maji yakimfika magotini mpaka walipomaliza kutoboa mashimo ya nondo, na hakupanda juu ya jiwe kuwazuia. Angepanda. Mpaka leo huwa najisemea mwenyewe nikipika: angepanda tu, mila ingemsamehe.

Mama hakugombana naye. Alianza kuanika mchangani, na gulio la kwanza baada ya hapo mwanamke wa Bariadi, mteja wake wa miaka, alitafuna dagaa mmoja, akatema, akamwambia kwa upole kwamba hao atawachukua kwa ajili ya kuku. Mama akamwuzia. Masika ilipofika, dagaa wakaoza kwenye mchanga uliolowa, mama akafunga nguo zake, akahamia Lamadi kwenye chumba cha kupanga. Aliondoka mchana, akiagana na kila mtu, akiwa amempikia baba chakula cha siku hiyo.

Huko alikaanga mapanki. Asiyejua mapanki, ni kichwa na mifupa ya sangara baada ya kiwanda kuondoa mnofu wa kusafirisha. Samaki aliondoka kisiwani kwetu mzima kwenye barafu, akapita juu ya jiwe la mama, akaenda Mwanza, akarudi Lamadi akiwa mifupa, na mama akawa anaikaanga kando ya barabara ya Musoma. Moshi wake uliniumiza macho nilipokwenda kumsaidia. Nilimchukia tajiri, nikamchukia baba, na siku nyingine nilimchukia mama pia kwa kunyamaza kwake. Kaka alioa. Mkewe alifika kisiwani, akapewa mchanga wa kuanikia.

Sangara hawakudumu. Walipungua, kisha gugu maji likaja likaziba mahali pa kuegesha, kisha tukasikia wanunuzi wa Ulaya wamegoma. Yule tajiri alikuja kung'oa mabati yake, akamuaga baba vizuri, akamwachia barafu iliyobaki. Saruji hakuing'oa.

Baba aliing'oa. Kiangazi kizima alipiga nyundo, mzee mwenye mgongo uliokwishachoka, akikataa msaada wa kaka. Alikata nondo kwa msumeno. Alisugua mafuta ya mashine kwa mchanga na majivu, akamwaga maji, akafagia. Ili kufanya hayo ilimbidi apande juu ya jiwe, na alipanda kila siku akiwa peku. Alipomaliza alinituma nikamwite mama.

Mama alikuja. Mimi ndiye niliyemleta, na njiani mtumbwini sikuacha kumsemea baba, nikimweleza jinsi mikono ilivyomchubuka. Tulipofika mama alishuka, akasimama ukingoni mwa jiwe, nami nikaufunga mtumbwi ng'ambo yake. Lilikuwa na mashimo na michirizi, lakini lilikuwa safi. Baba alikuwa amesimama katikati yake akiwa na fagio jipya, akimnyooshea.

"Siku ile nilinyamaza kwa heshima yako," akamwambia.

"Najua," mama akasema. "Ndiyo maana sikugombana na wewe."

Akainama, akapapasa jiwe kwa kiganja, akakinusa. Hakulipokea fagio.

"Umelitengeneza vizuri, baba," akasema. "Sasa ni lako."

Kisha akaingia majini, khanga ameishika mkononi, akazunguka jiwe lile polepole, maji yakimfika magotini, hadi kwenye mtumbwi.