Mzee Eliufoo Aenda Kukagua Dhahabu

Makanya nzima hakuna swali lililowahi kumshinda Mzee Eliufoo. Alifanya kazi kwenye machimbo ya jasi tangu ujana wake mpaka akastaafu, na kwa maoni yake, aliyeijua jasi ameyajua mawe yote, na aliyeyajua mawe hashindwi na siasa, dawa za mifugo wala ndoa za watu. Ukimuuliza njia hata asiyoijua, atakuelekeza. Wapo aliowaelekeza ambao hawajafika mpaka leo.

Basi iliposikika kwamba kampuni ndogo inayotafuta dhahabu upande wa Kisiwani inauza hisa, Eliufoo akataka naye awemo. Fedha hakuwa nayo. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe wa maziwa, lakini huyo alikuwa mali ya mkewe, Priska, aliyepewa na kaka yake, na maziwa yake ndiyo waliyokunywa wajukuu.

"Baba Leticia, sikatai," Priska alisema. "Ila mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Nenda kakague. Ukirudi ukaniambia dhahabu ipo, ng'ombe nitamtoa mwenyewe."

Eliufoo akavaa koti lake la kanisani, akaenda. Kambini alikuta mahema mawili, mashine ya kutoboa miamba, na mjiolojia mmoja aitwaye Rogers.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mawe yako wapi?"

Hakungoja kuonyeshwa. Akaokota jiwe lililokuwa mlangoni pa hema, akalikwaruza kwa ukucha kama walivyozoea machimboni, maana jasi hukwaruzika. Hili halikupata hata alama. Kilichovunjika ni ukucha. Akaficha kidole mfukoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika sana.

"Jiwe zuri hili."

"Hilo ni la kuzuia hema lisipeperuke, mzee."

Eliufoo akakohoa. "Kwa kifupi tu, dhahabu ipo au haipo?"

"Sijui," Rogers akajibu huku akitabasamu. "Tumetoboa mashimo machache, na majibu ya maabara bado. Ukinunua hisa zetu hununui dhahabu, mzee, unatulipia kuitafuta. Tukiipata, utafaidi. Lakini kampuni nyingi kama yetu huishiwa kabla hazijapata kitu."

Eliufoo alishangaa kweli. Mtu amesoma mpaka chuo kikuu, halafu anasema hajui, mchana kweupe, wala haoni haya!

Njia nzima ya kurudi alikuwa akitunga jibu. Kusema ipo kulikuwa rahisi, na hisa angezipata. Lakini aliwafikiria wajukuu wakinywa chai ya rangi, na moyo ukamuuma. Kusema haipo nako kulikuwa rahisi, ila ikija kupatikana, Makanya ingemcheka mpaka kaburini.

Alimkuta Priska akikamua.

"Haya, ipo?"

Eliufoo akavua koti lake la kanisani.

"Mama Leticia," akasema kwa sauti ndogo, "sijui."

Priska akaacha kukamua. Akamtazama mumewe, na uso wake ukalainika.

"Ningejua kuna kampuni ya kukufundisha neno hilo," akasema, "ng'ombe ningemuuza zamani."