Kuku Aliyelala Juu ya Satini

Mke wangu anazungumza na kuku. Nalisema mapema, asije mtu akaniletea kama umbea mpya. Anawasalimia asubuhi kabla hajanisalimia mimi. Anawauliza wameamkaje, na kinachonikera si kuuliza, ni kwamba anasubiri wajibu. Nao wanajibu, viumbe wale! Mimi nikiuliza shati langu liko wapi, kimya.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya nyumba, dirisha lake linatazama uani, na banda la kuku liko chini ya dirisha hilo. Mchana, jua likishakaa juu ya bati, kila kitu uani kinapunguza mwendo. Kuku wanajichimbia vumbini chini ya kivuli cha shuka zilizoanikwa. Mke wangu anakaa kwenye kigoda akichambua mchele, sauti yake inapanda na kushuka, maneno yenyewe siyapati. Mara nyingi mguu wangu unaendelea kukanyaga cherehani ilhali mimi nimeshasinzia, na nikizinduka nakuta mshono umenyooka. Saa hizo sijui kama niko macho au naota, wala sitaki mtu aniambie.

Mtaani wanamwita Mama Kuku. Hakasiriki. Anawajua kuku wake kwa tabia kuliko ninavyowajua wateja wangu kwa vipimo. Jogoo ni Bwana Kelele, mwenye kuwika saa yoyote inayomjia kichwani. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, ni mwoga hata wa kivuli chake mwenyewe. Halafu yuko Mkaguzi.

Mkaguzi ni kuku jike wa madoadoa. Anatembea akiinua mguu mmoja, anasita, anakutazama kwa jicho moja, kisha anaukanyaga chini kana kwamba amekuona una makosa. Anaingia jikoni, anachungulia sufuria, anatoka hajaridhika. Alikuwa kuku wa mama mkwe wangu.

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Kwenye msiba ule mke wangu hakulia. Alipokea watu, akawashukuru, akahakikisha kila mtu amekula. Shangazi zake wakaanza kunong'onezana, eti mtoto ana moyo wa jiwe. Nusura nimrushie mmoja wao mwiko! Siku ya kugawana vitu ndugu zake walichukua vitanda, kabati na vyombo. Yeye akamwonyesha kidole kuku wa madoadoa aliyekuwa anazunguka uani. Watu wakacheka. Tukarudi na Mkaguzi ndani ya kikapu, na kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tukamfunga kwenye mguu wa meza.

Kisha mke wangu akalala. Hakuwa mgonjwa, hospitali hawakuona kitu. Alilala akiutazama ukuta, akila akiambiwa ale, akijibu akiulizwa, basi. Mwanamke ambaye zamani nilikuwa namwomba aninyamazie kidogo nihesabu vifungo! Nilikuwa nashona chumba cha pili huku nikiusikiliza ule ukimya, na nasema wazi, sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyouogopa.

Aliyemwamsha ni Mkaguzi. Alikata kamba siku moja, akaingia chumbani, akapanda kitandani, akasimama juu ya nyonga ya mke wangu na kuanza kumdonoa kifungo cha gauni huku akilalamika njaa. Mke wangu akamfukuza kwa mkono. Kuku akarudi. Mwisho akainuka amtoe nje, na alipofika jikoni akaona haya kumtoa hivihivi bila kumpa chochote. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Wiki hiyo hiyo akaniambia, "Fundi, huyu kuku ni mpweke, mtafutie wenzake." Ananiita fundi tangu hajanikubali. Angeniambia nilete soko zima, ningelileta.

Kwa hiyo Mkaguzi alipoacha kula, mimi sikumwogopea kuku.

Ilianza asubuhi moja. Alisimama pembeni ya banda, mabawa yamelegea, macho yanafumba na kufumbua, shingo anainyoosha kama anayemeza kitu kisichomezeka. Mke wangu akambeba mpaka chumbani kwangu, akamlaza ndani ya katoni chini ya meza ya kukatia. Jirani yetu, mwanamke muuza mkaa, ambaye hakuna jambo linalopita mlangoni kwake bila kutiwa neno, akaja kuchungulia.

"Shemeji, hicho ni kideri," akaniambia. "Mchinjeni leo, kesho atawamaliza wenzake."

"Jirani, mkaa wako unakuita."

"Haya, nimenyamaza. La kuvunda halina ubani." Akaenda zake, mgongo umekasirika.

Tulimpa maji ya kitunguu saumu. Tulimpa shubiri. Mke wangu alimpondea mtama ukawa unga kabisa, akamtilia mdomoni kwa ncha ya kijiko, ukamwagika wote. Kuku alizidi kukonda, na ajabu ni kwamba kifua kilizidi kuvimba. Na mke wangu naye alizidi kupungua, si mwili, sauti. Kwanza aliacha kumgombeza Bwana Kelele. Kisha akaacha kuwasalimia. Mchana nikisimamisha cherehani nilikuwa sisikii kitu chochote uani, ila shuka zinavyopepea. Nachungulia, namwona kwenye kigoda, Mkaguzi mapajani, sinia la mchele liko chini na kuku wengine wanajilia, naye hana habari.

Mchana mmoja wa namna hiyo nikasinzia juu ya kazi. Nikamwota mama mkwe. Aliingia chumbani taratibu, ananitaka nimpunguzie gauni urefu. Nikapiga magoti kumpima, na futi ikawa haifiki mwisho, naivuta, inakuja, naivuta, inakuja. Yeye anasema, "Usiwe na haraka, mwanangu, mimi nipo tu." Nikazinduka na futi yenyewe mkononi. Mimi si mtu wa kutafsiri ndoto, nina nguo za watu za kumaliza. Lakini niliifunika cherehani, nikavaa viatu, nikaenda kumtafuta daktari wa mifugo.

Daktari alikuja na pikipiki, binti mdogo tu, buti za mpira mpaka magotini. Alimshika Mkaguzi kwa mikono miwili, akampapasa shingoni, akashuka kifuani, akatulia.

"Mama, huyu hana kideri. Gole limeziba." Akauchukua mkono wa mke wangu, akauweka kwenye kile kifuko cha chini ya koo ambamo chakula cha kuku husubiri kabla ya kushuka. "Sikia lilivyo gumu. Anakula nini huyu?"

"Mtama. Mabaki ya jikoni. Majani."

"Na analala wapi?"

Mke wangu akatazama sakafuni, penye mabaki ya vitambaa. Tukatazamana.

Sisi hatutupi kitu. Jioni nikishamaliza kazi, mke wangu alikuwa anakusanya mabaki yote ya vitambaa sakafuni na kuyatandika kwenye viota vya kuku. Satini za maharusi, lesi za shela, vipande vya sare za shule. Kuku wetu walikuwa wanalala vizuri kuliko sisi, na mgeni akija tulikuwa tunampeleka bandani akaone. Mayai yalikuwa yanaokotwa juu ya satini nyeupe! Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kila kipande kina uzi unaoning'inia, na kwamba kwa kuku uzi ni mnyoo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, sikuona.

Meza yangu ya kukatia ndiyo iliyokuwa meza ya upasuaji. Daktari alimdunga sindano ya ganzi, akanyonyoa manyoya machache, akapasua kidogo sana. Mke wangu alikuwa amemfunika Mkaguzi kichwa kwa kitambaa, ameinama, anamnong'oneza. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani na kutandaa mezani. Kibano kikaingia, kikatoka na ncha ya uzi mweupe, na daktari akaanza kuvuta.

Uzi ulikuja. Ukaendelea kuja. Mweupe ukafuatwa na wa buluu, buluu ukazaa waridi, waridi ukamkokota wa dhahabu, zimesokotana na mtama na majani. Nilizitambua zote. Ile buluu ni sare za shule. Ile waridi ni gauni la yule mama aliyebishana nami upindo mpaka nikatamani kumrudishia kitambaa chake. Shela ya yule bibi harusi aliyelia akipimwa. Nikaona kama mwaka wetu wote ulikuwa unavutwa mle ndani, polepole, usikatike. Ulipokwisha, daktari aliuweka pembeni ukajaa kiganja.

Akaanza kushona. Nilijizuia, nikajizuia, ikanishinda.

"Daktari, hapo umeacha mshono mpana."

"Baba, hili si gauni," akasema bila kuinua macho. "Haendi harusini."

Mke wangu akacheka kidogo. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile.

Kabla ya kupanda pikipiki daktari alituambia asipewe nafaka, uji mwepesi tu na maji. "Akipata choo kizuri, amepona. Asipopata, niiteni, ila msijipe matumaini sana."

Mvua ikaanza na haikutaka kuondoka. Tulitoa kila kipande cha kitambaa bandani tukatandika majani makavu, kisha tukarudi kukaa na katoni. Mimi nashona, yeye ameketi sakafuni, kijiko cha uji mkononi, na maji yanashuka kwenye bati bila kupumzika. Wateja walikuja, wakatuona, wakasema watarudi. Mtu mzima mimi, nina nywele nyeupe, nakaa nasubiri mavi ya kuku!

"Fundi," akasema, "vitambaa nimeviweka mimi."

"Na nimevikata mimi."

"Akifa..."

Nikasimamisha cherehani. "Akifa nitamlilia mwenyewe, nitamzika mwenyewe. Lakini wewe usirudi kule, mama. Nakuomba. Mimi peke yangu sitaweza tena."

"Kule wapi?"

"Unapajua."

Alichota uji, akampulizia, ingawa ulikuwa umeshapoa.

Mvua ilikatika mchana mmoja, jua likaja kwa ghafla, ua mzima ukawa unatoa mvuke. Mke wangu alikuwa nje anaanika. Nikasikia katoni inakwaruzwa. Mkaguzi alitoa kichwa, akatoa shingo, akatoka mzima mzima. Akainua mguu mmoja. Akanitazama kwa jicho moja. Kisha akaruka juu ya rundo la nguo za wateja na hapo, katikati ya suruali ya karani mmoja mwenye maneno mengi, akaachia choo kikubwa, kizuri, cha kuku mzima.

"Mama!" nikapiga ukelele. "Njoo! Njoo uone!"

Akaja mbio, shuka mkononi. Akaitazama suruali. Akamtazama Mkaguzi, ambaye alikuwa ameshashuka anakagua miguu ya cherehani. Mimi nacheka, nangoja acheke. Alifungua mdomo, na kilichotoka sijawahi kukisikia tangu nimwoe.

"Mama yangu! Mama yangu wee! Mama, umeniacha!"

Akakaa chini sakafuni, miguu imenyooka, shuka usoni, analia kwa sauti inayotoka tumboni. Anamwita mama yake. Anamwambia hakumuaga. Anamwambia yeye mwanawe alikuwa anakuja, alikuwa njiani, mama angemsubiri kidogo tu. Nilisimama na ile suruali mkononi sijui niishike wapi.

Kilio kama kile hakikai ndani ya nyumba moja. Wa kwanza kufika alikuwa muuza mkaa, mikono bado myeusi, na nyuma yake wanawake wa nyumba za jirani, wengine wameacha vyungu motoni.

"Shemeji, ni nani?" akaniuliza akihema. "Nani ametutoka?"

Mkaguzi akapita katikati ya miguu yao, mguu juu, mguu chini, akaelekea jikoni. Wakamfuata kwa macho.

"Mbona kuku mzima?" akasema mmoja.

"Si kuku," nikasema. "Ni msiba wa mama yake."

"Mama yake?" Muuza mkaa akanikodolea macho. "Si alizikwa mwaka jana?"

"Kuzikwa alizikwa mwaka jana. Leo ndiyo kwanza analiliwa."

Nilijiandaa kwa neno lake, maana yeye hakosi neno. Alinitazama, akamtazama mke wangu pale sakafuni. Akajifuta mikono kwenye sketi, mbele na nyuma, akaingia, akakaa chini, akakivuta kichwa cha mke wangu begani kwake, naye akaanza kulia. Wale wengine wakavua viatu mlangoni, wakaingia mmoja mmoja, wakakaa.